Tusimlaumu mfugaji wa kuku peke yake

Najua mitihani imekaribia na kila mtu yuko bize na madesa, ila hili limenikaa rohoni, ngoja nilitoe.

Kila ukikaa kwenye kibanda cha chipsi kuku utasikia: "Kuku wa kisasa wamejaa madawa, wafugaji wanatuua." Mi nasema lawama hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Tuanze na sayansi kidogo. Salmonella huishi kwenye utumbo wa kuku, na mara nyingi kuku mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Wala sio ile ya taifodi. Salmonella Typhi makazi yake ni binadamu tu. Hii ya kuku inaleta homa na kuharisha, na kwa mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu inaweza kuingia hadi kwenye damu. Hapo ndipo antibiotiki inahitajika kweli kweli. Je, kama haifanyi kazi?

Bakteria huyu ana njia mbili za kuishinda dawa. Kwanza, badiliko dogo tu kwenye jeni yake iitwayo gyrA linapunguza makali ya siprofloksasini. Pili, anapokea jeni za usugu toka kwa bakteria wengine kupitia plasmidi, yaani kiduara cha DNA kinachohama. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni ya mcr-1, inayoshinda kolistini, dawa ya akiba hospitalini. Ilikuwa kwenye plasmidi, na waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Mwaka 2017 China ikapiga marufuku kolistini ya kukuzia mifugo.

Sasa mwangalie mfugaji. Asubuhi anakuta kuku 300 wamezubaa. Daktari wa mifugo yuko mbali, maabara ndo usiseme, lakini duka la dawa liko jirani. Anakoroga OTC kwenye maji. Kumbe ni kideri, ugonjwa wa virusi, antibiotiki haiugusi kabisa! Kuku wanakufa, na bakteria dhaifu wanakufa nao. Wanaobaki bandani ni wale sugu.

Na sisi wasomi je? Mwanachuo tumbo likimsokota tu, mbio dukani kununua sipro, bila kipimo wala cheti cha daktari. Ana tofauti gani na mfugaji? Tena huyu kasoma!

Kwa hiyo mi naona dawa ziuzwe kwa cheti kote kuwili, kwa watu na kwa mifugo. Ila cheti bila maabara na daktari wa karibu ni kumkomoa mfugaji bure. Apelekewe kwanza chanjo ya kideri na mtaalamu wa kumpimia kuku wake.

Na nyie mnaojipikia geto: kuku aive hadi ndani, na kisu cha kuku mbichi kisiguse kachumbari.

Haya, narudi kwenye madesa. Tupo pamoja.