Ng'ombe Zizini, Majani Yatoke Wapi?



Sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Oktoba 2021, inakataza mifugo kuzurura katika Burundi. Ng'ombe akae zizini, aletewe majani. Sisi hatuipingi. Maji ya matope yanayopita hapa Bujumbura msimu wa mvua kwenda Ziwa Tanganyika ni udongo wa milima yetu. Kilima kilicholishwa mpaka kikabaki kipara hakizuii mvua. Tena samadi ya zizini hurudisha nguvu ya shamba.

Lakini ng'ombe wa kilo 300 hula karibu kilo 30 za majani mabichi kila siku. Nani atayakata? Mfanyakazi wa chai wa Teza na wa miwa wa Moso hutoka alfajiri, hurudi jioni. Mzigo huo humwangukia mke na watoto. Na asiye na shamba atapanda wapi?

Kwa hiyo twadai miche ya majani ya tembo, na ruhusa ya kuipanda kandokando ya mashamba makubwa na juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko. Sheria peke yake haimshibishi ng'ombe.