Amani ya Somalia ni Amani Yetu

Naomba nafasi kidogo nitoe maoni juu ya jambo linalonikera moyoni.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja, Msomali, aliingia darasani akiwa amechelewa. Kijana wa dawati la nyuma akapaza sauti: "Al-Shabaab amefika, laleni chini!" Darasa zima likaangua kicheko. Mwenzetu alikaa, akafungua kitabu, akainamisha kichwa. Nakiri kwamba mimi nami nilicheka. Jioni nilimkuta mama akipanga madera aliyoyachukua Eastleigh kwa mkopo, kwa mfanyabiashara Msomali ambaye humwamini hata wiki mbili bila karatasi yoyote. Nikaona haya.

Sisi wa Mathare tumetenganishwa na Eastleigh na barabara ya Juja tu. Lakini ni wangapi wetu wanaojua habari za majirani hawa? Wengi ni Wakenya kama mimi na wewe. Wengine walikimbia vita baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, nchi yao ikakaa miaka mingi bila serikali kuu.

Kuna watakaosema, "Lakini hao ndio wanaotuletea mabomu!" Sikatai kwamba tumeumizwa. Westgate mwaka 2013 waliuawa watu 67, na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 wakauawa 148. Hata hivyo, Oktoba 2017 lori la mabomu liliua watu zaidi ya 500 mjini Mogadishu, Wasomali wenyewe. Sasa mtu anayekimbia moto, mbona tumwite mwenye kiberiti?

Nchi yetu nayo imewahi kufanya mema na mabaya. Oktoba 2004, baada ya mazungumzo yaliyoanza Eldoret mwaka 2002, wabunge wa Somalia walimchagua Abdullahi Yusuf kuwa rais wakiwa Kasarani, hapa hapa Nairobi. Aprili 2014, Kasarani hiyo hiyo ikawa mahali pa kuwazuilia Wasomali waliokamatwa kwenye msako. Je, ni siku ipi iliyotuletea heshima?

Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011. Lakini wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Askari wa kigeni anaweza kumfukuza adui mjini, ila hawezi kuwapatanisha wenye nchi. Tena majirani wakigombana, wanaoumia ni raia. Somalia ilivunja uhusiano na Kenya Desemba 2020, ukarudishwa Mei 2021. Wakulima wa miraa wa Meru, waliokosa soko hilo tangu Machi 2020, walingoja hadi Julai 2022. Ndiyo sababu nilifurahi Somalia ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Wanaouziana na kununuliana hutafuta njia ya kusikizana.

Sisi wa Mathare hatuna haki ya kumcheka yeyote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani hapa walichomeana nyumba kwa sababu ya kabila. Je, tungependa kila mtu wa Mathare aitwe muuaji kwa ajili ya siku zile?

Maoni yangu ni haya: serikali iendelee kulinda mipaka, lakini itumie zaidi meza ya mazungumzo na biashara. Nasi wanafunzi tuache utani unaomfanya mwenzetu ajione mgeni katika darasa lake.

Wiki iliyofuata nilimwomba yule mwenzetu msamaha. Akanijibu, "Ni sawa, lakini wewe ulicheka kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nimeandika haya ili wewe usije ukaulizwa swali kama hilo.

Natia nanga hapa.