Tapeli anatumia dole gumba la nani?

Wauzaji wenzangu, kila mtu akitapeliwa tunasema vijana hawana ajira. Sawa, ajira ni ngumu, hapa Singida tunaijua hali. Ila wasio na kazi wako wengi, na wengi wao wanauza kuku, karanga na vitenge bila kumwibia mtu. Kinachompa tapeli ujasiri ni kujua hakamatiki, maana laini anayotumia siyo yake.

Kuna dada hapa mjini anauza mafuta ya alizeti. Mteja wa Dar kaagiza madumu manne ya lita 20, meseji ya muamala ikaingia, mzigo ukapanda basi. Baadaye anaangalia salio, hakuna kitu. Meseji ilitumwa na namba ya kawaida tu! Akajaribu kutuma hela kwenye ile namba aone jina, likaja la mama, tena la Kinyaturu kabisa, wakati aliyekuwa anaongea naye ni kijana wa kiume. Polisi waanzie wapi hapo?

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Wengi tulidhani utapeli umekwisha. Kumbe wizi umehamia kwenye kidole. Msajili wa chini ya mwamvuli anamwambia bibi, "weka dole tena, haijasoma," na laini ya pili inaenda kuuzwa. Sisemi wote, wapo waaminifu. Lakini kwa maoni yangu laini ikikamatwa kwenye utapeli, aliyeisajili naye aitwe aeleze. Hilo litapunguza wizi kuliko semina za kutuambia tuwe makini.

Na sisi tuna la kufanya. Kabla hujafunga mzigo, tazama salio lako, achana na skrinishoti ya mteja. Ukitapeliwa, hata elfu tano, ripoti namba hiyo TCRA kupitia 15040. Tunanyamaza kwa aibu, kesho namba ileile inampigia muuzaji mwingine.

Halafu piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ifungwe. Ukimaliza yako, chukua simu ya mama au bibi yako umkagulie na yeye, hasa kama alisajiliwa gulioni.