Samaki mwenye kidevu kilichojaa si mgonjwa



Mwezi uliopita, kisha mkutano wetu, mama mmoja wa kikundi cha bwawa alinivuta pembeni. Uso wake ulikuwa na wasiwasi. "Mwalimu," akaniambia, "samaki wetu wakubwa wameacha kula. Tunatupa pumba ya mchele, wengine wanaikimbilia, wale wanabaki kando. Na kidevu kimewavimba. Mama mweka hazina anasema tuwauze wote juma hili kabla hawajafa, angalau pesa ya likelemba irudi."

Nikamwuliza: "Hao waliovimba ni majike?" Akacheka. "Samaki nitamjulia wapi, Mwalimu?"

Nilimwomba wasiuze hata mmoja kwanza. Tilapia aliyeacha kula na kidevu chake kimejaa hana ugonjwa wowote. Amebeba watoto mdomoni. Leo nitaeleza namna ya kumtunza huyo mama na watoto wake, katika beseni nyumbani au katika bwawa la kikundi. Wengi tunapoteza pesa hapo kwa kutojua, na mimi mwenyewe nilianza kwa kupoteza.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita, watoto wa darasa langu walileta tilapia watano wazima ndani ya bido, kutoka upande wa Rusizi. Tuliwaweka katika beseni kubwa nyuma ya darasa, kwa somo la viumbe. Kisha juma moja, mmoja akaacha kula. Mtoto mmoja alimhurumia akamwaga fufu nzima ndani ya maji. Maji yakachacha. Mimi nikafanya vibaya zaidi: nilimkamata kwa mkono, nikamfungua mdomo nione ugonjwa gani. Mayai ya manjano yakamwagika mkononi mwangu, kama punje za mtama. Nikayarudisha majini haraka, lakini yeye hakuyachukua tena. Siku ya pili yalikuwa meupe, yameota ukungu kama pamba. Watoto wakaniuliza: "Mwalimu, yamekufa?" Nikawajibu ndiyo, na ni mimi niliyeyaua.

Nilikuwa na diploma ya ualimu, lakini jambo hili mama yeyote anayeosha samaki sokoni angeweza kunifundisha. Wao wameona mara nyingi: unafungua mdomo wa tilapia, unakuta mayai au vitoto ndani.

Namna wanavyozaa

Ndugu yangu mmoja wa Bujumbura ana sanduku la kioo lenye samaki wadogo wa rangi wanaoitwa gupi. Asili yao ni Amerika ya Kusini. Hao huzaa watoto wazima: jike hubeba mimba tumboni karibu mwezi mmoja, tumbo linakuwa kubwa, kisha vitoto hutoka vikiogelea tayari. Lakini mama gupi hana huruma. Akiwa na njaa, hula watoto wake mwenyewe. Ndiyo maana anayewafuga huweka majani mengi majini ili vitoto vijifiche.

Tilapia wetu ana njia nyingine. Dume huchimba shimo la duara chini, kwenye mchanga au tope. Wakati huo shingo yake na tumbo huwa na wekundu. Jike hutaga mayai humo, na mara moja huyakusanya mdomoni. Akiwa mkubwa, mayai yanaweza kufika mamia kadhaa. Dume haendi naye. Anabaki kwenye shimo lake akingojea jike mwingine. (Msicheke sana, wamama.)

Jike peke yake hubeba. Mayai huanguliwa mdomoni kisha siku 4 au 5, maji yakiwa na joto kama ya kwetu. Vitoto hubaki humo vikila akiba ya kiini iliyo tumboni mwao, mpaka siku ya 10 au ya 14 hivi. Kisha mama huviachilia viogelee karibu naye. Akiona hatari, hufungua mdomo navyo hurudi ndani vyote. Siku hizo zote za kuangulia hali, au anakula kidogo sana. Anakonda, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili. Anatafuna kama anayesukutua mdomo: anayageuza mayai yapate maji safi.

Hapa naomba nisieleweke vibaya nyumbani. Mtu asimwambie mke wake mjamzito: "Tazama tilapia, yeye hafuturu." Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha lazima ale, tena ale vizuri: sombe, maharagwe, ndakala, matunda. Mwili wetu haukuumbwa kama wa samaki.

Kumtunza katika beseni

Ukimwona jike amejitenga, kidevu kimejaa, hakimbilii chakula, fanya hivi.

Usimkamate. Hili ndilo la kwanza. Samaki aliyebeba akikimbizwa au akishikwa, hutema mayai, au huyameza. Kama ni lazima kutenganisha, ondoa wale wengine na umwache yeye mahali pake. Hasa mwondoe dume, kwa sababu atamsumbua atake kuzaa tena.

Mpe kivuli na maficho. Weka beseni mahali ambapo jua la saa sita halifiki. Tia mawe mawili matatu au chungu kilichovunjika, apate pa kujificha. Funika nusu kwa ubao, maana paka na watoto wadogo wote hupenda kuonja. Beseni liwe kubwa, lichukue angalau bido mbili za lita 20, na zikiwa nne ni bora zaidi.

Angalia maji. Maji ya ziwa yaliyo safi ni mazuri. Ukitumia ya bomba, yaache wazi ndani ya chombo siku nzima na usiku wake, dawa ya klorini iondoke, ndipo uyatumie. Kila siku ya pili au ya tatu toa sehemu ya tatu ya maji, kwa kikombe, polepole, urudishie mapya yenye joto lile lile. Usiyabadili yote mara moja. Chombo kilichooshwa kwa sabuni kisuuzwe mara nyingi. Ukiona samaki anapumulia juu alfajiri, mdomo wazi, hewa ndani ya maji imepungua: toa uchafu wa chini, umimine maji mapya kutoka juu yafanye povu.

Usimlazimishe kula. Chakula asichokula kinaoza, na maji yaliyooza ndiyo huua vitoto. Weka punje chache tu kama kuna samaki wengine, kisha toa kilichobaki.

Hesabu siku. Andika tarehe ukutani kwa makaa ukipenda. Kisha siku 10 anza kuangalia asubuhi. Utaona kama wingu dogo jeusi linalocheza karibu na kichwa chake. Hapo ndipo watoto wa nyumba watakapokuita kwa kelele.

Vitoto vinakula nini

Vitoto vikiisha kuachiliwa na vikiogelea vyenyewe siku tatu nne, unaweza kumwondoa mama taratibu, umpe chakula kingi kidogo kidogo, maana ana njaa ya juma mbili. Usimwache na samaki wakubwa wengine pamoja na vitoto, kwa sababu hao watavila.

Vitoto hula vumbi. Twanga ndakala kavu mpaka iwe unga, changanya na pumba laini ya mchele, uchekeche kwa kitambaa. Nyunyiza kiasi cha ncha mbili za vidole, mara nne kwa siku. Kiini cha yai lililochemshwa, kilichosagwa kwa maji, ni kizuri sana siku za kwanza, lakini kidogo tu, kinachafua maji upesi. Maji yenye rangi ya kijani kidogo si mabaya: yale majani madogo yasiyoonekana ni chakula chao.

Katika bwawa la kikundi

Bwawani tatizo linageuka. Watoto huwa wengi mno. Tilapia huanza kuzaa akiwa bado mdogo, na jike aliyeshiba huzaa tena kila majuma manne mpaka sita. Kisha miezi michache bwawa limejaa samaki wa ukubwa wa kidole, wote wanagombania pumba ile ile, hakuna anayekua. Ndiyo malalamiko ninayoyasikia kila mara: "Samaki wetu hawakui." Si mbegu mbaya. Ni nyumba ya vyumba viwili yenye watu thelathini.

Kwa hiyo, asubuhi mapema, tembeeni kando ya bwawa. Mkiona mawingu ya vitoto, viteke kwa kitambaa chepesi au chujio, mvihamishe katika shimo dogo la pembeni au beseni. Humo vinakua bila kuliwa, kisha mnaviuza kwa kikundi kingine kama mbegu au mnavirudisha kwa hesabu: samaki 2 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Wanaozidi, kuleni au uzeni. Na msiwauze majike waliobeba kwa hofu, kama alivyotaka mama mweka hazina wetu. Mnauza mama na mamia ya watoto kwa bei ya samaki mmoja mwembamba.

Jambo la chandarua

Sasa niseme neno ambalo halitapendeza wote. Ziwani mambo ni yale yale, ila bwawa ni kubwa. Samaki wengi wa Tanganyika hubeba watoto mdomoni, na huwaachilia kandokando: kwenye matete huku kaskazini, na kwenye mawe kuanzia Kalundu kushuka upande wa Makobola. Hapo hapo ndipo tunapopita na vyandarua vya mbu. Chandarua hakichagui. Kinamvuta mama, mama anatema watoto kwa hofu, na matundu yake madogo yanakamata hata hao. Tena dawa iliyotiwa katika chandarua kwa ajili ya mbu ni sumu kali kwa samaki. Na usiku mtoto wa nyumba analala bila chandarua, kesho ana malaria. Sufuria moja ya vitoto vya samaki inatugharimu mara tatu.

Najua njaa. Najua siku ambazo mume hakuleta kitu na watoto wanangoja. Simhukumu mtu. Nasema tu tujue tunachokula: ni samaki wa mwaka ujao.

La kuwasimulia watoto jioni

Katika mawe ya pwani yetu kuna samaki ambaye wataalamu humwita Tropheus duboisi. Jina hilo alilipewa mwaka 1959 na Georges Marlier, Mbelgiji aliyekuwa mtafiti hapa Uvira. Akiwa mtoto ni mweusi mwenye madoa meupe, kama mtu aliyemwagiwa nyota. Leo watu wa Ulaya, Marekani na Asia hulipa pesa nyingi kumfuga katika vioo. Mama yake hubeba mayai machache tu, lakini makubwa, karibu na punje ndogo ya mahindi, na huyabeba muda wa mwezi mmoja hivi. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Japani, Yanagisawa na Sato, waliandika jambo la ajabu: mama huyu, akiwa na watoto mdomoni, huendelea kukwangua majani ya mawe, na watoto hula humo humo mdomoni. Kwa hiyo tilapia hufunga ili asimeze watoto wake, na jirani yake wa kwenye mawe huwalisha ndani ya mdomo. Waulizeni watoto: yupi kati yao ana kazi ngumu zaidi? Darasani kwangu walibishana saa nzima.

Habari ya bwawa letu

Mlitaka kujua iliishaje. Kikundi kilikubali kungoja majuma mawili, ingawa mama mweka hazina alikunja uso. Waliacha kutupa pumba nyingi, wakamkataza kila mtoto kuingia na fimbo. Alhamisi iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, simu yangu ililia. Alikuwa yeye mwenyewe mweka hazina. "Mwalimu, njoo uone. Pembeni kote kunatembea kama moshi." Nilikwenda kabla ya masomo. Tuliinama wamama sita kando ya maji, viatu mkononi, bila kusema kitu. Kisha akauliza swali lake la kila siku, naye ana haki: "Sasa hawa wote watakaa wapi?"

Jibu ni shimo la pili, mita tatu kwa nne, kina cha kufika magotini. Jumamosi hii tunalichimba. Mwenye jembe aje nalo, mwenye mtoto wa kiume mwenye nguvu aje naye. Chai itakuwapo.

Juma lijalo tutazungumza juu ya mtoto anayeogopa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Kaeni na amani.