Pampu Yetu Ifanye Kazi Mchana

Wako wazazi wanaouliza kwa nini wanafunzi hukaa gizani saa za kujisomea, hali juu ya paa la bwalo zimewekwa paneli za jua, na waya wa umeme wa gridi wapita mlangoni. Ni swali la haki. Jibu lisikikalo mara nyingi ni kwamba betri hazitoshi, basi wazazi wachangie nyingine. Mimi sikubaliani nalo, na naomba tufanye hesabu kwanza.

Taa za madarasa ni 60, kila moja wati 15. Zikiwaka saa 3 hula uniti 2.7 tu. Pampu ya kisima ni ya wati 3,000, nayo hufunguliwa jioni, ikaenda saa 4. Hizo ni uniti 12! Ndiyo imalizayo betri kabla taa hazijapata zamu yake. Hapo twategemea gridi, na gridi ikikatika siku ambayo jenereta haina mafuta, vitabu hufungwa.

Tazameni na bei. Iliyowekwa mwaka 2016 kwa matumizi ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi. Kwa hiyo pampu ikienda kwa umeme wa kununua, hula shilingi 3,504 kila siku. Jenereta ni mbaya zaidi: lita moja ya dizeli hutoa uniti 3 hivi, basi lita ikiwa shilingi 2,700, kila uniti ni shilingi 900.

Jua la adhuhuri halina ankara, na wakati huo paneli zetu hutoa kuliko tutumiavyo. Pampu na ifunguliwe saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Maji yaliyo juu mnarani ni akiba kama ya betri, tena umeme unaopitia betri hupungua njiani. Siku za masika, jua likikosekana, pampu itumie gridi mchana, na betri iachiwe taa. Fundi aweza kuipanga inveta hivyo.

Wengine husema ziada iuzwe kwenye gridi. Wazo si baya, lakini kwanza pawe na mkataba na mita ifaayo. Baadhi ya mita za luku huhesabu umeme utokao kana kwamba umenunuliwa.

Najua wenzangu watanung'unika nikisema pasi za Jumapili nazo zingoje jua lipande. Pasi 10 za wati 1,000 hushinda pampu 3! Na wanung'unike.

Mkutano wa wazazi utakapofika, naomba mita isomwe wiki mbili kwa utaratibu huu mpya, na tarakimu zake zisomwe mbele yao kabla ya kutajwa mchango wowote wa betri.