Wajuzi wa Pemba Wakae Baraza Moja

Ndugu zangu, kuanzia Kigomasha hadi Kisiwa Panza,

Naandika kutoka Houston, Marekani, na jambo langu ni moja: kisiwa chetu cha Pemba kinasomwa sana, lakini wanaokisoma na wanaokijua hawana baraza la kukaa pamoja.

Chukueni Tumbe. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba pale na Chwaka, jirani yake. Walikuta kijiji kikubwa cha nyumba za udongo kilichokaliwa tangu karne ya 7 hadi ya 10. Kikahamwa, na kuanzia karne ya 11 mji wa Chwaka ukainuka karibu yake. Mbegu zilizoungua zikaonesha kwamba watu wa Tumbe walikula uwele zaidi, na wa Chwaka wakaugeukia mpunga. Hizo ni habari za mabibi zetu na vyungu vyao! Zimeandikwa kwa Kiingereza, na Fleisher ni wa Chuo Kikuu cha Rice, kilicho mji huu huu ninaoishi. Mimi nazifuata kwa basi. Anayelima muhogo juu ya kijiji hicho atazifuata kwa chombo gani?

Picha nazo tunazo. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walianza kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, wanafunzi wetu wakishiriki. Ukizitazama waona kila paa na kila mnazi. Lakini picha haisemi bonde hili laitwaje, kiambo hiki ni cha ukoo gani, wala mipaka ya eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ilipita wapi. Mvuvi wa Kojani, aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, mpaka pwani ya Kenya, huujua mwamba wake kwa kuutazama mnazi wa ufukweni na kilima cha nyuma yake mpaka vikae mstari mmoja. Mnazi ukikatwa, hutafuta alama nyingine, na ile ya zamani hubaki kichwani mwake tu. Huyu ni mwanajiografia, na semina zinafanyika bila yeye.

Naomba tuanze na Mtambwe Mkuu. Maji yakijaa ni kisiwa. Yakitoka, watu huvuka kwa miguu. Hapo ndipo mwaka 1984 zilipopatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka mbali. Wakutane mvuvi wa Wete, mwalimu wa jiografia, mwanafunzi wa kampasi ya Mchangamdogo, mtu wa makumbusho ya Chake Chake, na mama anayechokoa pweza, ambaye mimi ningemtanguliza, maana yeye hupita pale maji yakitoka, mahali ambapo wasomi hupita juu kwa mashua. Watembee kwanza, wazungumze baadaye, kwa Kipemba chao, na mmoja aandike.

Mwaka wa pili waende Pujini, kwenye ngome ya mtawala wa kale, Mkama Ndume. Wazee husimulia kwamba kisima chake kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane. Mchimbaji ana lake la kusema juu ya ukuta ule, na msimulizi ana lake. Yote mawili yaandikwe ukurasa mmoja.

Sisi wa nje tutafute nakala za tasnifu zilizomo maktaba za huku, tuzifupishe kwa Kiswahili, tuchange mafuta ya mashua. Uenyekiti tusiuombe.

Mashamba ya mpunga ya Kisiwa Panza yameingiwa na maji ya bahari, na wanaojua nani alilima wapi ni watu wazima sasa. Kwa hiyo kikao cha kwanza kisingoje mfadhili. Mkeka na daftari vinatosha, bamvua lijalo. Aliye tayari huko Wete aseme. Mimi nimeshaanza kufupisha maandishi ya Tumbe.

Wassalaam,
Ndugu yenu, Houston