Kisenge: kinga inalipiwa nafasi, juu ya nini inafika imepinda?

KISENGE, Lualaba – Motokari zinazotoka Kolwezi kwa njia ya Mutshatsha na Kasaji, nyingi zinaingia hapa giza limeshaanguka. Watu wanaotoka kupokea ndugu zao hawaangalii kwanza mlangoni. Wanaangalia juu. Juu kuna magunia, ndoo za plastiki, godoro limekunjwa, na katikati ya hayo yote kuna kinga. Mbili, tatu, siku nyingine tano, zimelazwa moja juu ya nyingine kama kuni za kuuza.

Asubuhi mwenye kinga anaisimamisha kwenye jua. Gurudumu la nyuma limepinda kama namba nane. Kile chuma kidogo kinachohamisha mnyororo kimeingia ndani ya nyaya za gurudumu. Rangi imekwanguka mpaka chuma cheupe kinaonekana. Anamtafuta shofere. Shofere anamjibu kwa heshima yote: «Papa, ni barabara. Barabara yetu Papa mwenyewe unaijua.»

Ndiyo, barabara ni mbaya, na mvua zikianza mwezi wa kumi au wa kumi na moja inakuwa mbaya zaidi. Lakini barabara haikuifunga ile kinga. Barabara haikupokea feza ya nafasi yake pale Kolwezi. Iliyoharibu kinga ni galeri, kile kitanda cha chuma kinachowekwa juu ya motokari ili kibebe mizigo, pamoja na mtu aliyekichagua bila kufikiri kitabeba nini.

Tena hapa kinga si mchezo wa watoto. Kisenge ni mji wa manganese, na manganese yake ilikuwa ikishuka kwa reli mpaka Lobito, kwenye bahari ya Angola, mpaka vita vya Angola vilipofunga njia ile mwaka 1975. Tangu siku zile nyumba nyingi zimejifunza kuishi kwa shamba. Muhogo, mahindi na makala vinatoka porini juu ya kinga. Mgonjwa anapelekwa hospitali juu ya kinga. Ndiyo sababu zile kinga za VTT za okazio kutoka Ulaya, zenye matairi manene na vitesi vingi, zinapendwa sana: zinapita kwenye mchanga ambapo kinga ya zamani inazama. Mtu anaweka feza kidogo kidogo, anakwenda Kolwezi, ananunua moja. Halafu inavunjika katika safari ya kuileta nyumbani, kabla hajaipanda hata siku moja.

Sasa tuseme wazi juu ya galeri zenyewe. Nyingi zinazopita kwenye njia hii zimetengenezwa na sudere kwa vyuma vya betoni, vile vya kujengea nyumba. Mwenye motokari anafurahi kwa sababu ni nzito. Anaipiga teke, haitikisiki, anasema hii iko nguvu. Uzito anauita nguvu, na hapo ndipo kosa linapoanza.

Hesabu si ngumu. Chuma cha betoni cha milimita 12 kina karibu gramu 890 kwa kila mita. Kipande kizima cha mita 12 kinapita kilo 10. Galeri ikila vipande vitatu, tayari kuna kilo 32 juu ya paa, na hakuna aliyepandisha hata ndoo. Kwa motokari ndogo nyingi, kiwanda kinaruhusu juu ya paa kati ya kilo 50 na 75 tu wakati motokari inatembea, na uzito wa galeri yenyewe unahesabiwa humo ndani. VTT ya chuma ina kilo 15 au zaidi. Weka tatu: 32 na 45 ni 77. Mpaka umeshavukwa, na bado kuna magunia, na bado kuna yule kijana anayekaa juu ya magunia kwa nusu ya nauli. Yule kijana peke yake anapita kinga tatu kwa uzito, na siku motokari inapolala ubavu ni yeye anakuwa chini.

Wengine watasema paa linabeba zaidi ya hapo, maana wamekwisha kuona watu sita wamesimama juu yake. Motokari ilikuwa imesimama. Ikitembea kwenye mashimo, kila mruko unaongeza nguvu ya mzigo mara nyingi, na kwenye kona mzigo wa juu unavuta motokari yote upande. Wanaotengeneza galeri za kununua wenyewe wanaandika kwamba kwenye barabara isiyo na lami uzito upunguzwe. Hapa watu wanafanya kinyume: barabara ikiwa mbaya, motokari zinakuwa chache, basi kila moja inajazwa zaidi.

Jambo la pili ambalo mashofere hawataki kulisikia ni kwamba galeri inachaguliwa kwa kuangalia paa. Bei inakuja nyuma. Land Cruiser ya mkonga na Hiace zina ule mfereji mdogo wa mvua pembeni ya paa. Huo ni wa chuma cha mwili wa motokari, na galeri yenye miguu inayobana mfereji huo pande zote mbili inakaa vizuri. RAV4 nyingi na motokari za familia zinakuja na vyuma viwili vya kiwanda vinavyokwenda kwa urefu wa paa. Hapo miguu inabana vyuma vile. Toyota IST na Corolla hazina mfereji, na nyingi hazina vyuma. Zinahitaji miguu yenye vikono vinavyoingia kwenye ukingo wa mlango, vimetengenezwa kwa umbo la motokari ile ile. Kuchukua galeri ya Hiace na kuifunga juu ya IST kwa waya, huku kamba inapita ndani ya madirisha, ni kudanganya abiria. Kuunga chuma moja kwa moja kwenye paa ni vibaya zaidi: rangi inaungua, maji yanapata njia, kutu inakula paa kutoka ndani. Na sudere akisahau kufungua waya wa batri kabla ya kuanza kazi, anaweza kuua kompyuta ya motokari. Hapo galeri ya bei ndogo imekuwa ya bei kubwa.

Sasa kinga yenyewe. VTT haifai kulazwa. Ikilala, pedali inatoboa paa au inaingia kwenye nyaya za jirani yake, na gunia moja likiwekwa juu, gurudumu limekwisha. Kuigeuza miguu juu, ikae kwenye kiti na usukani, ni afadhali kidogo kwa kinga ya kawaida yenye freni za waya. Lakini VTT yenye freni za mafuta ikikaa kichwa chini siku nzima, hewa inaweza kuingia kwenye mirija, na mwenyewe atashika freni kwenye mtelemko aone mkono unafika mwisho bila kitu kusimama. Hilo si jambo la kupinda tena. Hilo linaua mtu.

Kinga inataka kusimama. Magurudumu yote mawili yakae ndani ya mfereji wa chuma au wa mbao, kila moja lifungwe kwa mkanda wake, na mkono mmoja au kamba mbili zishike kadre kutoka kushoto na kulia ili isiyumbe. Zikiwa mbili au tatu, ya kwanza iangalie mbele, ya pili iangalie nyuma, ili usukani wa moja usikutane na wa nyingine. Ikiwa nafasi haitoshi, gurudumu la mbele litolewe na uma ufungwe kwenye galeri. Hapo, kwa freni za mafuta, kipande cha mbao au cha karata ngumu kiwekwe kati ya vile vibao vya freni, la sivyo mtu akigusa freni vitafungana na gurudumu halitarudi. Ile mipira iliyokatwa kwenye tairi za ndani, ambayo kila shofere anaipenda, inafaa kwa kuongeza tu. Mpira unavutika. Kitu kinachovutika hakishiki mzigo; kinauacha ucheze, na kucheza kwa saa kumi ndiko kunakovunja.

«Lakini Mukubwa, galeri ya namna ile ni ya Wazungu. Feza iko wapi?»

Swali ni la haki kwa mtu anayefikiria galeri ya kiwanda kutoka Lubumbashi au Afrika Kusini. Lakini jibu liko kwa sudere yule yule. Mirija ya chuma ya mraba, milimita 25 kwa 25, unene wa milimita 2, ina uzito wa karibu kilo moja na nusu kwa mita. Mbili za kukata paa, miguu minne yenye bolti za kubana mfereji, na mifereji mitatu myepesi ya kuwekea magurudumu. Yote pamoja inaweza kubaki karibu na kilo 15, nusu ya kile kitanda cha betoni. Chuma kinachonunuliwa ni kidogo, na kilo zinazobaki zinabeba kinga moja zaidi inayolipa. Mwenye motokari anayesema hana feza ya galeri nyepesi amekwisha kulipa feza nyingi zaidi kwa ile nzito, na anaendelea kuilipa kila siku kwa mafuta.

Kuna wanaoona suluhisho ni kubeba kinga nyuma, kwenye mlango au kwenye ndoano ya kuvutia. Kwa lami ya Kolwezi mjini, sawa. Kwa njia hii, hapana: nyuma ndipo mavumbi na mawe yote yanapokwenda, kinga inaficha taa na namba, na kwenye shimo refu inagusa chini kabla ya motokari. Mwenye pick-up yeye hana sababu yoyote ya kununua galeri. Alaze kitambaa kizito juu ya mlango wa nyuma, gurudumu la mbele lipite nje, kinga ifungwe na mikanda miwili. Imekwisha.

Na urefu usisahauliwe. VTT iliyosimama juu ya Land Cruiser inafika karibu mita 3 au zaidi kutoka chini. Matawi ya miembe ya vijijini hayasomi habari. Shofere aliyezoea kupita chini yake na magunia anasahau siku hiyo amebeba kinga, na tawi linang'oa kinga pamoja na galeri. Wengine wanaandika kwa chaki kwenye kioo cha mbele, kwa ndani, neno moja tu: «JUU». Ni akili nzuri, haina bei.

Lawama si ya mashofere peke yao. Wenye motokari wengi wanakaa Kolwezi, wanahesabu feza ya jioni, na galeri yao hawajaipanda hata mara moja kuona bolti zimeliwa namna gani. Kwenye vizuizi vya barabarani motokari inasimamishwa, karatasi zinaombwa, maneno yanasemwa, kisha inaachwa iende. Mkono wa kutikisa galeri hauonekani. Na abiria naye anachagua motokari kwa nauli. Anabishana dakika ishirini juu ya franka mia tano, halafu anamkabidhi mtu asiyemjua kinga ya akiba ya mwaka mzima, bila kuuliza itakaa wapi.

Kwa hiyo, pale parking ya Kolwezi, kabla ya feza kutoka mfukoni: mtu apande, ashike galeri kwa mikono miwili, aitikise mbele na nyuma. Ikicheza hata kidogo, atafute nyingine. Aone kinga yake imesimama na imefungwa kivyake, hakuna gunia juu yake. Aombe karatasi, hata kipande cha daftari, iliyoandikwa namba ya motokari, jina la shofere, na kwamba kinga moja imepokelewa nzima. Motokari ikifika Mutshatsha watu wakishuka kunywa maji, bolti na mikanda ikazwe tena, maana kila galeri inalegea katika kilometa za kwanza. Shofere akikataa, abiria achukue ufunguo wa kumi na tatu akaze mwenyewe.

Chama cha mashofere wa njia hii kinaweza kufanya moja zaidi, na kinaweza kulifanya kabla ya mvua: anayepokea feza ya kinga alipe kinga ikivunjika. Gunia la mahindi likipotea, shofere analipa, hakuna anayemtaja barabara. Kinga nayo imelipiwa nafasi.